Miaka ya Dada Editha

Kila Januari, watoto wa darasa la kwanza wakishakoma kulilia mama zao, huwapanga mstari mbele ya ubao tukacheza mchezo wangu. Mtoto hupitisha mkono wa kulia juu ya utosi mpaka ashike sikio la kushoto. Anayelifikia hupigiwa makofi. Asiyelifikia, darasa zima humwimbia, "Bado mdogo, arudi mwakani!" naye hucheka kuliko wenzake, maana anajua hakuna wa kumrudisha. Miaka ishirini na sita nimeucheza mchezo huo katika shule hii ya binafsi hapa Mbezi Beach, na hakuna mwalimu mwenzangu aliyewahi kuniuliza nimeutoa wapi.

Nimeutoa kwetu, Bukoba. Zamani hizo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya watu wa mjini. Sie wa migombani umri wetu ulipimwa kwa mkono na sikio. Nilipopimwa mimi, vidole viliishia utosini, na Mwalimu Venance akamwambia baba, "Bado mdogo, arudi mwakani." Baba hakuwa mtu wa kusubiri mwakani. Kesho yake alinirudisha na kadi ya ubatizo ya dada yangu Editha, aliyenizidi miaka mitatu, na ambaye surua ilikuwa imemchukua mwaka mmoja kabla. Akasema mtoto ni mfupi tu, ndivyo alivyoumbwa. Mwalimu Venance akanitazama, akaitazama kadi, akaandika. Tangu siku hiyo Kokushubila, jina langu mwenyewe, alibaki nyumbani, Editha akaenda shule.

Mama hakuniita Editha hata siku moja. Wenzangu walipokuja jioni kuniita uani kwa jina la shule, aliacha alichokuwa akikifanya, akageuka upesi kutazama mlangoni, kisha akakumbuka. Nilimwona, nikajifanya sikumwona. Mtoto naye ana ujanja wake.

Sasa nije kwenye barua. Brightson aliniita ofisini Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Huyu ni mtoto wa marehemu Mzee Gozbert, mwenye shule, aliyeniajiri. Nilimfunga kamba za viatu akiwa darasa la kwanza, leo ndiye mkurugenzi. Alisimama kunipokea, akaniamkia shikamoo kwa unyenyekevu, akanivutia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Mie heshima ikizidi kipimo huanza kuangalia mlango uko wapi. Barua ilisema kwamba kwa kuwa nimetimiza miaka sitini, uongozi umeona vyema nipumzike ifikapo mwisho wa mwezi, na darasa langu atalichukua Mwalimu Eliaichi, kijana anayenisaidia darasani. Chini yake walikuwa wamenishukuru kwa mistari mitatu.

Nilimwomba aniache nifike Desemba. Darasani nilikuwa na watoto tisa ambao bado hawajaweza kuunganisha silabi, na tangu niushike ufundishaji sijawahi kumkabidhi mwenzangu mtoto asiyejua kusoma. Huwavusha wote, ikibidi mmoja mmoja saa ya uji. Brightson alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wazazi wanalalamika kwenye kundi lao la WhatsApp, wanauliza kama shule imekosa vijana. Mmoja alikuwa ameandika kwamba bibi anaye nyumbani, shuleni alitaka mwalimu.

Niliondoka nikilirudia neno hilo. Bibi! Mie ambaye siku ya michezo nakimbia mbio za magunia na watoto wao. Kweli, bega la kulia limekaza kwa chaki za miaka mingi, na siku hizi tarehe ya juu ya ubao huniandikia Eliaichi, lakini bega halifundishi kusoma. Nikiwa chumbani kwangu Manzese, huku mafundi wa jirani wakigonga mabati kama kawaida yao, ndipo wazo liliponijia: ile miaka sitini haikuwa yangu. Yangu ilikuwa hamsini na saba.

Nilimpigia simu kaka yangu Polikarpo, aliyebaki kijijini. Nilimtaka aende kwa wakili aape kwamba aliyezaliwa mwaka ulioandikwa kwenye ile kadi alishafariki, na kwamba mimi ni mwingine. Hakuniuliza kuhusu sheria wala vyeti vyangu vya ualimu, ambavyo vyote vina jina la marehemu. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama angesemaje?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba mama hayupo na watoto tisa wapo. Wiki ile ile akanitumia picha ya hati ya kiapo, mhuri na sahihi, bila neno lingine. Niliipeleka kwa Brightson asubuhi kabla ya mstari, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nikamweleza yote: kadi, surua, mkono ulioshindwa kufika sikioni. Siri niliyoificha nusu karne, ambayo hata mume wangu alikufa bila kuijua, niliimwaga juu ya meza ya mtoto niliyemfunga viatu. Nikasema kwa kinywa changu kwamba mimi si Editha.

Brightson alisoma ile picha polepole. Aliirudisha simu kwa mikono miwili, kama anavyotakiwa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Mwalimu, pole sana," akasema. "Lakini wazazi hawasomi vyeti. Wanaona mvi."

Basi. Ningekuwa na hamsini na saba, ningekuwa na hamsini na tatu, ingekuwa ile ile. Sitini ilikuwa namba ya kuandikia barua tu. Niliingia choo cha walimu nikafungulia bomba ili nisisikike. Wala sikuwa nalilia kazi. Nilimlilia dada yangu, ambaye wakati wa msiba wake nilikuwa mdogo mno kujua kulia. Alinipa jina lake nikasoma nalo, nikaajiriwa nalo, nikafunga nalo ndoa, na siku nilipobanwa nikasimama mbele ya mtu kumkana. Ningemkana nikapata, labda ningejisamehe. Nilimkana bure.

Wiki zilizobaki nilifundisha kwa hasira, sifichi. Saa ya uji niliwakalisha wale tisa kwenye mkeka, ba na ba, ma na ma, mpaka wengine wakaanza kunikimbia. Eliaichi alikaa nyuma na daftari lake akinakili kila nilichofanya. Siku moja machozi yakamlengalenga, akaniambia hakuliomba darasa langu, kwamba naye mkataba wake ni wa miezi sita na anaogopa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ana miaka ishirini na tano, maskini, anadhani itadumu. Nikamfundisha namna ya kumshika mtoto mkono anapoandika, kwa juu na kwa wepesi, ili adhani anaandika peke yake.

Kufikia Ijumaa ya mwisho, watano kati ya wale tisa walikuwa wanasoma. Wanne nilimwachia Eliaichi. Fomu ya makabidhiano ilikuwa na mahali pa jina na pa umri. Niliishika kalamu kitambo, kisha nikaandika Editha, na mbele yake nikaandika sitini, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Ile hati ya Polikarpo nilikuwa nimeshaifuta kwenye simu.

Watoto waliambiwa kwamba Mwalimu anakwenda kupumzika. Waliomba tucheze mchezo wetu, ingawa haikuwa Januari, nasi tukaucheza. Wote walilifikia sikio. Mwaka hauendi bure katika mikono ya mtoto. Nikadhani tumemaliza. Lakini Anna, mmoja wa wale wanne, kasichana kasikopenda kusema, akaninyooshea kidole.

"Na wewe, Mwalimu."

Nikasimama mbele yao mbele ya ubao, nikapitisha mkono juu ya mvi zangu. Bega likagoma. Nikalisukuma kidogo, likauma, na vidole vikasimama utosini, palepale vilipoishia mbele ya Mwalimu Venance. Watoto wakatazamana kuona kama inaruhusiwa kucheka. Ni Anna aliyeanzisha, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia mwaka mzima.

"Bado mdogo..."

"...arudi mwakani!" wakaitika wote.

Wakacheka, wakapigapiga madawati. Eliaichi, kule nyuma, alikuwa ameinamia daftari lake. Niliuacha mkono ulivyo, juu ya kichwa, nikawaambia warudie.