Pima Maji Kichwani

Mume wangu huezeka mapaa. Alipoanza kushikwa na kizunguzungu, msimamizi wake alimpa wiki tatu: arudi na barua ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Mtaalamu, dada mpole, alitueleza kwamba tatizo liko ndani ya sikio, mahali panapoujulisha mwili umekaaje. Dawa ni mazoezi: asimame juu ya mto, miguu pamoja, macho kafumba. Akifikisha nusu dakika bila kuyumba, barua ataipata.

Mtu mwingine angetafuta mto tu. Mume wangu alitafuta na pima maji, ile ya kuhakikisha mbao zimelala sawa. Akaifunga kichwani kwa mtandio wangu mzuri, akamsimamisha binti yetu kwenye stuli asome kile kiputo cha hewa ndani yake.

"Kulia kidogo, baba. Umepitiliza. Rudi."

Kiputo kilipogoma kukaa katikati, alitangaza kwamba nyumba ndiyo imeinama, akapima sakafu yote ya sebuleni. Nilimwambia imeinama kwake peke yake. Sisi wengine tunakula na mchuzi haumwagiki.

Baada ya wiki mbili tukaenda kupimwa. Binti alikuwa shuleni. Mume wangu akapanda kwenye sponji la mtaalamu, akafumba macho, akaanza kuuliza kama yuko sawa. Hakuna aliyemjibu. Sekunde ya nne alimkumbatia mtaalamu shingoni, mbele ya macho yangu.

Dada wa watu akajinasua, nikamweleza habari ya binti na pima maji, akasema anayetakiwa kufanya mazoezi ni sikio, si binti. Turudi Ijumaa ijayo.

Nikaifungia pima maji kabatini. Asubuhi na jioni alipanda juu ya mto, mimi nyuma yake, kimya. Aliniangukia mara kumi na moja. Siku ya tano akauliza tena kama yuko sawa.

"Mimi sijui, baba watoto. Jiulize mwenyewe."

Nikaona vidole vya miguu vinaung'ang'ania mto, vinafanya kazi.

Ijumaa alifikisha nusu dakika. Mtaalamu akamwambia inatosha, ashuke. Hakushuka. Barua ikaandikwa, ikagongwa muhuri, akaitwa mgonjwa mwingine, bibi mwenye mkongojo, ambaye aliniuliza kama huyu baba amelala.

"Usinisemeshe, bibi," alisema mume wangu, macho bado kafumba. "Niko kazini."