Hapa Pana Mtu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimechelewa kliniki ya meno, na meno yangu yamenitangulia.

Nayakuta yamejipanga kwenye benchi la wagonjwa. Kila moja limebandikwa kijichuma chake usoni, na waya mmoja umeyapitia yote kama kamba ya kuanikia nguo. Mdomo wangu ni mtupu, lakini naongea vizuri tu. Hakuna anayeshangaa.

Meno mawili ya mbele yamekaa katikati ya benchi, yameacha nafasi baina yao. Ni ule mwanya wangu. Mama alikuwa nao vilevile. Tangu tumzike, kila nikicheka mbele ya kioo anacheka yeye, halafu natoka bafuni upesi. Ndiyo sababu nilikwenda kufungwa waya, na ndiyo sababu wiki iliyopita nilimuuliza Daktari Mbwambo kama ipo njia ya kuuziba upesi. Mama mdogo Tausi alinicheka. "Wenzio wanautafuta mwanya kwa tupa, Mwanaheri, wewe unaufukuza." Sikumwambia sababu. Mambo kama hayo huwa nashindwa kuyasema.

"Sogeeni basi," nayaambia yale meno mawili.

"Hapa pana mtu," linajibu la kushoto.

"Nani?"

"Katoka kidogo. Katuachia kanga tumshikie nafasi."

Natazama. Kweli, pana kanga imekunjwa.

Naitwa ndani. Ndani si kliniki tena, ni baraza ya nyumba yetu ya Tanga, na kwenye kiti cha daktari imekaa cherehani ya mama. Imevaa koti jeupe. Mikono ya koti inaning'inia.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Umekuja kuharakishwa?"

"Ndiyo, daktari."

"Njia ninazo. Natetemeka, jino lililolala linaamka. Nina sindano, natoboa mfupa vitundu vidogo vidogo, unalainika. Na nina taa." Inawasha ile taa yake ndogo. Siku hizi inatoa mwanga mwekundu. "Nikumulike?"

"Ipi ya haraka zaidi?"

"Zote kwa pamoja. Lakini wewe mwenye haraka, nyuma umejenga nini?"

Sielewi. Cherehani inaguna.

"Jino halitembei hewani, binti. Mbele yake mfupa unabomolewa, nyuma yake unajengwa. Likikimbizwa kabla ukuta haujasimama, linarudi lilikotoka. Geuka utazame."

Nageuka. Nyuma yangu pana kiwanja. Matofali yamepangwa, mchanga umemwagwa, na mafundi wawili wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wanakunywa chai.

"Mbona hamjengi?"

"Tunakungoja ulie, dada," anajibu mmoja kwa heshima. "Hatuna maji ya kuchanganyia saruji."

Nalia. Si sana, kwa sababu naona haya mbele ya watu. Wanakinga ndoo, wanachungulia, wanatazamana.

"Kwa leo yanatosha kozi moja ya matofali," anasema yule mwingine, na wanaanza kuchanganya.

Nikirudi kwenye benchi namkuta mama. Ameondoa kanga na kukaa pale katikati, futi ya kupimia nguo shingoni, kaenea barabara. Anapinda gauni langu la kijani, lile aliloliacha bila upindo. Meno ya kulia na kushoto yamembana kidogo, na yanaona fahari.

"Mama, hapo nilikuwa nataka pazibwe."

"Basi ziba," anasema bila kuinua macho. "Ila ningoje nimalize upindo. Unanikimbiza nini?"

"Nikikuona kwenye kioo naumia."

"Na mimi je, ninayekuona kutoka upande wa pili?"

Anainamia gauni, anakata uzi kwa meno, palepale mwanyani, kama alivyokata nyuzi zake zote.

Niliamka mdomo umejaa waya na meno yote yamo. Nikaenda bafuni. Kwenye waya, katikati ya meno mawili ya mbele, kilikuwa kimenasa kipande cha uzi wa kijani, ncha yake imelowa. Cherehani, gauni na kopo la nyuzi mama mdogo alivihamishia Muheza baada ya arubaini. Humu ndani hamna uzi wa rangi yoyote.

Nilicheka kidogo. Mama naye akacheka kiooni. Sikutoka upesi.

Miadi yangu ni saa nne. Daktari Mbwambo akiniuliza nimechagua njia ipi, nitamwambia mengine yote ayanyooshe kwa mwendo wao, na yale mawili ayaache yalivyo. Akitaka kujua kwa nini, nitajikaza niseme.

Pale pana mtu.