Niue na Mimi

Don Hilarión alipokuja kututishia, nilitamani kumpiga na tarumbeta yangu. Mkuu wa leseni, mtu mzima na kitambi chake, anaogopa mashairi! Alimwambia Nicanora, mwimbaji wetu, palepale mlangoni pa kilabu: "Leseni yenu ninayo mfukoni. Ukinitaja jukwaani Siku ya Wafu, siisaini, na kilabu nakifunga."

"Sawa, Don," akajibu Nicanora kwa upole.

Upole ule ulinitia wasiwasi. Nicanora huyu huvaa sombrero, akajichora masharubu, akaimba nyimbo za walevi walioachwa na wake zao hadi walevi wenyewe wanaona haya. Na Siku ya Wafu ndiyo yake hasa. Huwaimbia walio hai jinsi walivyokufa, kila mmoja kwa tabia zake, na mtaa mzima huja kusikia umekufaje.

Jioni ya Siku hiyo ya Wafu Don akaja kutukagua, kamleta na mama yake, Doña Tránsito, na lulu shingoni. Wakakaa meza ya mbele. Nicanora akaanza na padri:

*Mauti yapiga hodi,*
*padri yu kwenye tamale.*
*"Ngoja nimalize hili!"*
*Ameenda nalo kule.*

Padri, tamale lake la mahindi mkononi, alicheka mpaka akapaliwa. Akauawa kinyozi, akauawa muuza chapati za tortilla, akafuata dereva wa Don, kisha mbwa wa Don. Halafu Nicanora akavua sombrero. "Wamekwisha, jamani. Asanteni."

Watu wote wakamgeukia Don. Mama yake akaweka glasi ya mezcal chini.

"Hilarión, na wewe je?"

"Mama, twende zetu."

"Hata mbwa, mwanangu! Hata mbwa kaimbiwa! Kwani wewe si mtu hapa mtaani?" Machozi yakamtoka bibi wa watu, machozi ya kweli. Mimi niliyemchukia yule bwana nikamwonea huruma.

Don akasimama, masikio yamemwiva. "Nicanora! Niue na mimi!"

"Si ulikataza, Don?"

"Nimeruhusu! Niue, mwanamke, mama analia!"

Nicanora akanikonyeza. Nikapuliza.

*Mauti yakenda kwa Don,*
*yaambiwa: "Keshokutwa!"*
*Yapanga foleni, wapi!*
*Yakafa, yakaokotwa.*

"Na mwanangu?" akauliza Doña Tránsito.

"Yu hai, mama. Ila pale ofisini hakuna anayeona tofauti."

Loo! Viti vilianguka. Bibi alicheka akishikilia lulu zake zisikatike.

"Nakifunga!" Don akafoka. "Kesho asubuhi nakifunga!"

"Unafunga nini, wewe?" Mama yake akamchomoa leseni na kalamu mfukoni. "Saini hapa, nikikuona. Halafu aimbe tena, hapo kwenye foleni sikusikia vizuri kwa kelele."

Don akasaini juu ya mgongo wangu, kwa hasira, kalamu ikinichoma. Na nilimsikia kabisa, karibu na sikio langu, akiimba chini kwa chini: *yakafa, yakaokotwa.*