Koti la Mpeleka Barua

...na kumbe amevaa soksi mpya, zile za kijivu alizonunuliwa na mama akazifungia kabatini mpaka zikasahaulika, nani huvaa soksi mpya kwenda kupimwa suti, aliwaza fundi akiwa amepiga magoti juu ya zulia, pini nane kazibana midomoni, mkono wa kushoto umeshika pindo la suruali, wa kulia unapapasa pini ya tisa kwenye kimto alichojifunga mkononi, na huko juu baba yake alikuwa akizungumza na kioo. "Kinawasha hiki kitambaa," baba alisema, "kinawasha shingoni," wala hakiwashi, sufu laini namna hii haimwashi hata mtoto mchanga, kinachomuwasha mzee ni kusimama kimya, maishani mwake hajapata kusimama mahali bila kulaumu kitu, "Mmh," fundi alijibu kupitia pini, akazishukuru pini zake, maana mwenye pini mdomoni hadaiwi jibu, na jibu alikuwa nalo, tena refu, alilitunza miaka ishirini na miwili, akilipanga upya kila anapopiga pasi, kila anapopiga bandi gauni la bibi harusi wa watu, siku baba atakapokanyaga karakana hii, alijiapiza, nitamwambia karibu mzee, hapa ndipo anaposhinda yule mwanamume mzima anayehesabu marinda ya wanawake, neno kwa neno, kama ulivyosema wewe mbele ya wajomba zangu wote, nao wakacheka, mmoja akacheka mpaka chai ikampalia... na mama peke yake akasema, "Muache, mikono yake ndiyo iliyochagua," na tangu siku ile pale nyumbani yeye akawa mtoto wa mama, baba akimwambia mama mwanao amepiga simu, mwanao ameleta sukari, mwanao kaandikwa gazetini na yale magauni yake, mwambie hongera. Basi leo ndiyo siku yenyewe, saa nne asubuhi, mzee amesimama juu ya kibao cha kupimia wanachosimamia wake wa mabalozi, miguu kaibana pamoja kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, kaletwa na amri ya kitinda mimba wao, maana yeye ndiye bibi harusi, na kasema wazi, "Baba, ama ushonewe na kaka, ama ubaki nyumbani na redio yako, mimi sitembei na lile koti la kustaafu," na pindo likiisha pini zitatoka, na pini zikitoka maneno yatatoka, ndiyo maana, alijua mwenyewe, pindo la dakika tatu sasa linakula dakika kumi. Akarudi nyuma kidogo kwa magoti aangalie, akashtuka, koti linalala upande, upande wa kulia umeshuka vidole viwili vizima, nimekosea kukata, mimi, nimekosea kukata, nguo ya mtu mwingine yeyote isingekosewa, akapima kwa macho, akapima tena kwa futi, kushoto, kulia, kitambaa kiko sawa, mshono uko sawa... si koti. Ni bega. Bega la kulia la baba limeshuka, limeshuka siku nyingi, na yeye, anayeweza kumtazama mteja akivuka barabara akajua kiuno chake, hakuwahi kuliona la baba yake, miaka thelathini na nne ya mkoba wa barua, mkanda wa ngozi mpana kama kiganja, shati zake zote zikichakaa bega lile lile kwanza, na mama akizitia viraka jioni karibu na dirisha, na nani aliyekuwa akimtungia mama uzi kwenye sindano, nani aliyefundishwa kukata kiraka kikubwa kuliko tundu, asipotokea pale katokea wapi huyu mhesabu marinda... haya, lipandishwe bega, tabaka mbili za pamba chini ya bitana, hakuna atakayejua, wangapi amewanyoosha hivyo, hata huyu mzee hatajua, atadhani siku hiyo kaamka vizuri.

"Lile la kijani lilikwenda wapi?" baba akauliza. "Mmh?" "Gauni la kijani, lililokuwa pale dirishani, la mikunjo mikunjo kama feni ya karatasi, mgongo limewapa watu wa barabarani, vifungo kutoka shingoni mpaka huku chini, nilivihesabu, thelathini na kimoja, mama yako akasema naongopa," na kule kwenye fremu ya kudarizi yule mdarizi wanayemwita Mama Shanga, ambaye ndiye aliyemfungulia mzee mlango akaja kusema fundi, kuna mtu anasema kamfuata mwanawe, akasita, sindano juu, maana vifungo vile alivivalisha hariri yeye na fundi, kimoja kimoja, wiki nzima, thelathini na kimoja, na gauni lilikaa dirishani siku nne tu, miaka tisa iliyopita, mwenyewe akaja akalichukua... siku nne, na barua za baba zilikuwa za ng'ambo ile ya mji, mabasi mawili kutoka hapa. Fundi akainua kichwa. Baba hakumtazama, alikitazama kioo, "Nilikuwa napita tu," akasema, napita, napita kwenda wapi, mtaa huu hauna pa kupitia, mwisho wake ni ukuta wa ghala, anayeingia humu kaja humu, na kuhesabu vifungo vidogo vile kupitia kioo cha dirisha mtu asimame kitambo, asimame kwa muda wa barua ishirini, na mkoba begani, upande wa pili wa barabara, na mimi nilikuwa humu ndani, labda pasi mkononi, labda nilikuwa nikiyapanga yale maneno saa ile ile, karibu mzee, hapa ndipo... hapa ndipo nini, yalianzaje, aliyatafuta mwanzo wake kama mtu atafutavyo ncha ya uzi iliyopotelea kwenye kibonge, akageuza huku, akageuza huku, ncha haipo, na badala ya kuudhika akajikuta anacheka, pini nane zikicheza midomoni, kifua chepesi kama cha mtu aliyetua ndoo.

"Unachekea nini huko chini?" "Mmh." "Na wewe, siku hiyo utavaa nini?" na hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, anavisha mji mzima, yeye anaingia mlango wa nyuma na fulana ya kazi, tena alikwishamwambia dada yake kwamba siku hiyo ana mgeni kutoka nje, gauni lako nitalileta mapema, mimi sitawahi, mgeni asiyekuwepo, hajawahi kuzaliwa, kamzua ili asikae meza moja na huyu mwenye soksi mpya... "Usinijibu mmh, nakuuliza, au utatutia aibu mbele za watu na hizo fulana?" na fundi, bado amepiga magoti, bado pindo mkononi, akachomeka pini ya tisa, akatupa jicho mezani kwenye kile kipande cha sufu kilichobaki, ya baba hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, akaanza kukikata kwa macho, kifua, mgongo, kola... mikono itabana kidogo, lakini akikata kwa hesabu, koti moja linatoka.