Kifungo kwa Kila Kojo

"Hayo si malezi, ni kumzoesha mtoto rushwa," wifi yake alimwambia mshonaji huku akikamua dekio. "Leo kifungo, kesho atakudai koti zima."

"Rushwa gani? Akifaulu kwenye poti, napiga makofi na kumpa zawadi. Akijilowesha, nafuta tu, sisemi neno. Na nepi kaziacha, au hukuona?"

"Nepi kaziacha, na kucheza kaacha pia. Tangu nifike yuko juu ya poti kama kuku anayeatamia. Mpeleke hospitali, huenda kibofu kibovu."

"Nimeshampeleka. Mkojo wake safi."

"Basi mimi sina la zaidi." Wifi akatua dekio, akachukua mkoba. "Nilikuja kuwasalimia, wifi yangu, sikuja kutafuta maneno. Baki na cherehani yako."

Akaenda zake. Nyumba ikabaki na sauti moja, ya cherehani.

Mshonaji hakumfuata. Mbele yake kulikuwa na sare ya muuguzi, imebaki mikono na kola, na mwenyewe angeifuata jioni. Mbinu ya poti aliisoma katika kijitabu cha kliniki: tuza lililo jema, puuza lisilofaa. Peremende hakuzitaka, kwa hiyo alitumia vifungo vikubwa vya makoti, kila kimoja kakifunga kwenye utepe mrefu ili mtoto asije akakimeza. Kila kojo na kifungo chake. Mbinu ilifanya kazi upesi kuliko alivyotarajia.

"Mama, kojo."

Akaondoa mguu kwenye pedali, akaenda bafuni kuchuchumaa mbele ya poti. Kidoti, mwanawe, alifumba macho, akajikaza mpaka shingo ikasimama mishipa. Matone mawili yakadondoka. Mama akapiga makofi, akamsifu, akampa kifungo cha buluu.

Kidoti hakukitazama. Alikiweka nyuma ya poti, kwenye lundo la vifungo vingine, kisha akamshika mama kidole.

"Kuna jingine, Mama. Kaa."

Mama alikaa. Jingine halikuja. Alipoinuka, uso wa mtoto ulinywea. Na kabla mama hajatunga uzi kwenye sindano:

"Mama, kojo."

Ndipo simu ikalia. Alikuwa mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, anayerudi nyumbani pale barabara inapomruhusu.

"Lile bomba la jikoni bado linavuja?"

"Kidogo," alijibu.

Mume akaanza kumweleza: afunge maji kwanza, afungue kichwa cha bomba, atazame mpira wa ndani kama umelika. Akaeleza taratibu, kwa sauti yake nzito, na mshonaji akaegemea ukuta, akafumba macho, akaitika kila neno. Halafu mume akasema haya, foleni inasogea, akakata.

Bomba halikuwa linavuja. Wala kitasa hakikuwa kimekwama, siku ile alipompigia kuhusu kitasa. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Ila ukimwambia wote wazima, alijibu vizuri na kukata simu. Kitu kikiharibika, alikaa kwenye simu.

Mshonaji aliitazama simu mkononi, kisha akautazama mlango wa bafuni.

"Mama, kojo."

Alikwenda. Safari hii hakupiga makofi. "Lipo kweli?"

Kidoti aliinamia vidole vya miguu yake. "Halipo," akasema. "Nalitafuta."

Mama akamwinua, akamfuta, akampandisha chupi. Poti akaiacha palepale; yenyewe haikuwa na kosa. Akambeba hadi chumba cha kushonea, akaifunika cherehani sare ikiwa bado chini ya sindano, akatandika mkeka chini ya meza na kulala chali. Kidoti alisimama kando akimwangalia, kama mtu asiyejua bei ya kitu.

"Njoo. Leo hakuna kojo wala kifungo. Njoo tu."

Mtoto akampanda tumboni, taratibu, akalaza kichwa.

Mlango ukagongwa. "Fundi, nimefuata sare yangu."

"Haijaisha, dada. Njoo kesho."

"Lakini uliniahidi leo."

"Niliahidi, na nimevunja ahadi. Nisamehe."

"Mbona sisikii hata cherehani? Unafanya nini humo ndani?"

"Nimejilaza na mwanangu," alisema mshonaji, na hakuinuka.