Mgonjwa na Msindikizaji Wake

Amri alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mpanda, na kwa miaka mingi watu wa Nsemulwa walimjua kama mtu anayefungua mapema kuliko hata wauza maandazi. Mvua zilipoanza, akaacha. Hakuwa na homa wala malaria. Aliamka, akakaa pembeni ya kitanda na soksi moja mkononi, na akabaki hivyo mpaka mkewe, Mwanne, alipochukua funguo akaenda kufungua duka mwenyewe.

Kila mtu alitaka sababu. Amedhulumiwa? Ana mwanamke? Kuna mtu kamtupia kitu? Mwanne naye aliitafuta sababu hiyo na hakuiona. Biashara ilikwenda, binti yao Hadia alikuwa bweni Sumbawanga na anafanya vizuri, na hakuna aliyekufa.

"Hakuna kitu, Mama Hadia," Amri alimwambia. "Ndiyo maana naona aibu. Ningekuwa na kitu ningekitaja."

Dulla, kaka yake mkubwa, alileta masheikh wakamsomea. Amri aliitikia amina kila ilipostahili, akawashukuru, akawasindikiza hadi mlangoni, akarudi kulala. Mwanne hakudharau kisomo kile, maana siku ile nyumba ilitulia. Lakini asubuhi mambo yalikuwa yale yale.

Mchana mmoja alimwekea wali na samaki wa migebuka. Amri akaisogeza sahani na kusema, kwa sauti ile ile anayomtajia mteja bei ya misumari: "Siku hizi nikilala huwa naomba nisiamke."

Mwanne akashika ukingo wa meza. "Unataka kujiua, Amri?"

"Sijui. Nimechoka tu kuamka."

Siku hiyo hiyo Mwanne alitoa dukani dawa zote za mchwa na sumu za panya, akampa jirani amtunzie, akidai chupa zinavuja. Kisha akaenda kwa muuza dawa aliyemwamini, akamweleza bila kutaja jina. Yule akampa namba ya mshauri wa Dar es Salaam anayeongea na watu kwa simu. Wakampigia. Amri aliongea akiwa stoo, katikati ya mabati, mvua ikapiga paa hata akawa anapiga kelele: "Nimesema sina usingizi! Usingizi!" Kisha mtandao ukakata. Mshauri alipopatikana tena alisema muda umeisha, na kwamba angehitaji kuongea naye kila wiki. Mwanne alipoambiwa gharama ya mwezi mmoja, alishukuru akakata simu. Fedha hiyo ingekula ada ya Hadia.

Aliyemwonyesha njia alikuwa mteja, Generosa wa Kakese, mama wa kijana mwenye kifafa. Alikuja kununua bawaba za mlango, akamkuta Mwanne analia nyuma ya ndoo za rangi.

"Mwanangu anatibiwa pale kituo cha afya," Generosa alisema. "Kuna nesi wa afya ya akili, sista Gaudensia. Jumatano ni siku ya kifafa na ya wenye mawazo. Mimi hawajawahi kunidai hela ya kumwona."

Amri alipoambiwa, alikataa katakata. "Benchi lile liko mbele ya dirisha la dawa. Mji mzima unapita pale. Nani atanunua bati kwa kichaa?"

"Wewe si kichaa."

"Waambie wao."

Basi Jumatano Mwanne akaenda peke yake. Alikaa kwenye benchi lile kati ya bibi aliyekuwa anajiimbia na kijana aliyefungwa kitambaa kichwani. Akiwa pale akapita Minza, mwenyekiti wa kikoba chao cha kuweka na kukopa, amebeba mjukuu aliyempeleka chanjo. Minza akamsalimia, akatazama mlango wenye kibao cha afya ya akili, akamtazama Mwanne tena, akaharakisha. Mwanne alielewa kilichotokea. Angeweza kumkimbilia na kueleza. Hakukimbia.

Gaudensia alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kikohozi. Chumba chake kilikuwa kidogo, na makatoni ya vyandarua yalifika dirishani. Alimsikiliza Mwanne mpaka mwisho, na hakuuliza sababu ni nini. Aliuliza kama Amri anakula, kama analala, kama amewahi kutaja njia ya kujidhuru, na sumu ziko wapi.

"Umefanya vizuri kuziondoa," alisema. "Ila siwezi kumtibu mtu nisiyemwona. Lazima aje."

"Hawezi kuonekana kwenye benchi, sista. Na mimi nimeshaonekana. Kufika jioni watasema mimi ndiye mgonjwa."

Gaudensia akakohoa, akafikiri. "Wagonjwa wengi huja na msindikizaji."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumatano iliyofuata Amri alikwenda kituo cha afya akimsindikiza mkewe. Watu walimwonea huruma. Mmoja alimpisha nafasi kwenye benchi akamwambia, "Pole sana, Baba Hadia, Mungu atakutia nguvu." Mlango ulipofungwa wakabadilishana viti. Mwanne akakaa juu ya katoni, na Amri akaanza kuongea. Alisema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mkewe: kwamba akisikia mteja anacheka huhisi kama anamsikia kutoka nyumba ya mbali; kwamba anamkumbuka Hadia na hahisi chochote moyoni, na hilo linamtisha kuliko kufa.

"Huo ni ugonjwa, baba," Gaudensia alisema. "Unakuja hata kwa asiye na tatizo. Haukuulizi una nini."

Alipewa vidonge, akaonywa kwamba havitafanya kazi haraka, na akatakiwa kurudi kila Jumatano kuongea. Kuna Jumatano vidonge havikuwepo, wakavitafuta madukani. Kuna Jumatano Gaudensia alikuwa semina, wakarudi nyumbani. Lakini taratibu Amri akaanza kuoga bila kuambiwa. Kabla mvua hazijaisha alikuwa anafungua duka, ingawa si mapema kama zamani, na siku moja alimkemea dereva aliyeshusha saruji kwenye maji. Mwanne aliposikia ile sauti ya hasira akatoka nje akafurahi peke yake.

Furaha hiyo aliilipia. Kwenye kikoba yeye alikuwa mmoja wa washika ufunguo wa sanduku la fedha. Minza alikuja nyumbani, akanywa chai yote, ndipo akasema wenzake wanaona ni vizuri Mwanne apumzike. "Si kwamba hatukuamini, dada. Ni kwa afya yako." Mwanne akautoa ufunguo. Baada ya hapo, akisema jambo kwenye kikao, wenzake walitazamana kwanza. Akicheka, walimuangalia. Akikasirika walimwambia atulie.

Kisha akaja Dulla. Alikaa sebuleni, Mwanne akiwa palepale anamimina kahawa, akaongea kana kwamba hayupo.

"Mdogo wangu, umevumilia. Lakini nyumba haiwezi kuendeshwa na mtu asiye na akili timamu. Kule Kigoma kuna binti wa watu wema. Sisemi umwache huyu. Nasema uongeze."

Mwanne akamtazama mumewe. Ilikuwa zamu yake kumtetea. Neno moja tu lingetosha. Amri akaangalia zulia.

"Nitafikiria, kaka," akasema.

Jumatano iliyofuata Mwanne hakubadilishana kiti. Alikaa kwenye kile cha mgonjwa, na Gaudensia alipomuuliza kulikoni, alieleza yote mbele ya mumewe, bila kulia. Gaudensia akamgeukia Amri.

"Humu ndani mgonjwa wangu ni nani?"

"Mimi."

"Na huko nje?"

Walipotoka, Amri hakwenda dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa Dulla, Mwanne akimfuata nyuma, akasimama kwenye baraza.

"Kaka, mgonjwa ni mimi. Vidonge ninameza mimi. Mwanne ni mzima, alinisitiri. Mambo ya Kigoma usiyataje tena."

Dulla akamwekea mkono begani, machozi yakimlengalenga. "Una moyo mzuri, Amri. Mume anayemfichia mkewe aibu ana thawabu kubwa."

"Kaka, sikudanganyi."

"Najua, najua. Nendeni mkapumzike."

Njiani Mwanne alicheka mpaka akaegemea ukuta wa nyumba ya watu, na wapita njia wawili wakavuka upande wa pili. Amri alisimama karibu yake akimsubiri amalize.

Jumatano nyingine Amri alikwenda peke yake. Alikaa kwenye lile benchi tangu asubuhi, akiwa na shati lake la Ijumaa. Wateja wake walipita, wengine wakamuuliza mkewe yuko wapi. "Yuko dukani. Mimi ndiye ninayetibiwa," alimjibu kila mmoja. Wapo walioamini. Mjenzi mmoja wa Kabungu hakurudi tena kununua kwake. Minza aliposikia, alisema huenda basi wote wawili wanaumwa, na ufunguo ukabaki kwa mwingine.

Aliporudi, alimkuta Mwanne anapanga mikebe ya rangi.

"Sista anakusalimia. Ameniuliza hali yako."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba umechoka."

"Sijachoka. Nimekasirika, Amri. Ulisema utafikiria. Mimi nikiwa nimeshika birika."

Amri akavuta kigoda akakaa, uso kwa uso naye. Hakuomba radhi haraka haraka. "Niambie," akasema.

Mwanne akaweka chini mkebe aliokuwa nao na kuanza kumweleza. Mteja aliingia akiulizia mabomba ya maji, na Amri, bila kuondoa macho kwa mkewe, akamwomba asubiri nje kidogo.