Makopo Ishirini na Mawili

Tevin alipata tisa kwenye mtihani wa akili wanaopewa wachezaji. Maswali hamsini, dakika kumi na mbili, na kabla ya wiki kwisha kila kituo cha habari za michezo hapa Ohio kilikuwa kinamcheka. Mwanangu ni kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani, ndiye anayepanga mchezo na kurusha mpira, na zilibaki wiki mbili timu kubwa zichague vijana kutoka vyuoni. Wakiamini hana akili, hawamchukui.

Timu moja tu ilituma mtu nyumbani kwetu. Bwana Pruitt, skauti wao wa kusaka vipaji, alifika Jumamosi mchana, akakaa jikoni na kufungua daftari.

"Ule mpira wako ulionyakuliwa na wapinzani mechi ya mwisho. Kosa la nani?"

"Langu, bwana. Kiongozi hubeba lawama."

"Na kocha wako unamwonaje?"

"Ni kama baba kwangu, bwana."

Pruitt alipiga mwayo. "Wiki hii nimekutana na vijana sita wenye baba wa hivyo hivyo."

Majibu hayo aliyaandika wakala wa Tevin, nami ndiye niliyemsomea mpaka akayashika. Tulikosea. Nikasema, "Tevin, toa makopo."

"Mama, wakala alisema..."

"Wakala hapiki hapa. Toa."

Akayatoa kabatini: kumi na moja ya maharage, timu yake, kumi na moja ya supu ya nyanya, wapinzani.

"Hivi ndivyo amejifunza kila mchezo tangu darasa la saba," nilimwambia Pruitt. "Herufi humruka ruka machoni. Mimi nasoma, yeye anapanga."

Tevin alinitazama kama nimemvua nguo mbele ya mgeni. Kisha akasukuma kopo moja.

"Huyu ni Marquel. Alitakiwa akate kulia, akakata kushoto. Kosa lake. Lakini nilimwona, bwana, na bado nikarusha kulia. Nilikuwa na hasira naye. Alinicheka mbele ya wenzangu ninavyosoma."

"Ungerudia?"

"Hapana. Tulipoteza mechi kwa hasira zangu."

Pruitt alifunga daftari. Akasogeza makopo, akaeleza mchezo mmoja mgumu wa timu yake, mara moja, haraka haraka, kisha akayavuruga yote. "Sasa nasikia harufu ya chakula, mama."

Nikapakua maharage ya nyama na mkate wa mahindi. Nusu saa nzima alisimulia habari za kuvua samaki. Alipomaliza sahani ya pili, akafuta midomo. "Haya, kijana. Nipangie."

Tevin alipanga bila kusita. Kopo moja likabaki mkononi mwake. "Hili hukulitumia, bwana. Ulichezesha watu kumi."

Pruitt akahesabu. Akahesabu tena. "Miaka minane nawapima vijana kwa mchezo huu."

"Basi umewaonea wengi," nikasema.

Hakucheka, ila masikio yalimwiva kwa aibu.

Mlangoni akageuka. "Mama, bosi wangu ataniuliza: kijana akija kwetu, nani atamsomea?"

"Nyinyi. Mna mtu wa kuwafunga wachezaji bandeji vifundoni, mtakosa wa kusoma?"

"Siwezi kuahidi kitu."

"Sijaomba ahadi. Andika nilichosema."

Akafungua daftari palepale kwenye ngazi. Nilisimama ngazi moja juu yake mpaka akaweka nukta.